Kuboresha trela la safari: starehe na umeme ni hesabu moja

Anayetaka kuboresha trela la safari huanza na kile kinachomnyima usingizi. Joto limemzidi, basi anataka kiyoyozi kiwake hata pale pasipo na umeme wa kuchomeka. Taa zinafifia kabla usiku haujakolea, basi anatafuta betri kubwa zaidi. Ukuta unatoka jasho alfajiri, anaongeza hita. Kila shida anaitafutia dawa yake, na kila dawa ni nzuri ikiwa dukani. Zikikutana ndani ya trela moja zinaanza kugombana: inveta inazimika kiyoyozi kinapojaribu kuwaka, betri mpya haijai, waya unapata moto, na bajeti imeshakwisha.

Ugomvi huo una chanzo kimoja. Ndani ya trela, starehe na umeme havipangiki kila kimoja kivyake. Kila kitu kinachokupa raha kinachota kutoka kwenye hifadhi ndogo ya nishati, kwa kupitia nyaya zenye kikomo, na hifadhi hiyo lazima ijazwe upya kesho. Njia nyepesi ya kulielewa jambo zima ni kuzigawa kazi za umeme mafungu mawili: kazi kubwa za kupasha au kupoza, kama kiyoyozi, na kazi nyingine zote, friji ikiwemo. Fungu la pili linatoshelezwa na betri moja nzuri na paneli chache. Fungu la kwanza ndilo linalowafilisi watu, na ndilo linalostahili kufikiriwa kabla ya kununua chochote.

Umeme wa aina mbili chini ya paa moja

Trela la kawaida lina mifumo miwili ya umeme inayoishi pamoja. Wa kwanza ni wa volti 12, umeme wa DC unaotoka kwenye betri. Huo ndio unaowasha taa, pampu ya maji, feni za paa, feni ya hita ya gesi, kengele za kuonya gesi, na bodi ndogo zinazoongoza friji na hita ya maji. Wa pili ni umeme wa AC, uleule wa majumbani: volti 120 kwa matrela ya Marekani na Kanada, volti 230 katika nchi nyingi nyingine. Huingia kwa kebo nene kutoka kwenye soketi ya kambi au jenereta, na kazi yake ni kuendesha kiyoyozi, maikrowevu na soketi za ukutani.

Katikati ya mifumo hiyo husimama vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Konveta huchukua AC na kuishusha iwe DC ya volti 12. Hulisha taa na kuchaji betri. Inveta hufanya kinyume: huchukua DC ya betri na kuipandisha iwe AC. Matrela mengi hutoka kiwandani yakiwa na konveta bila inveta. Ndiyo maana ukichomoa kebo taa zinaendelea kuwaka huku soketi zote zimekufa. Hapo hakuna kilichoharibika. Trela limebaki na mfumo mmoja tu.

Kebo nayo ina kikomo chake. Trela la Marekani la ampea 30 hupokea ampea 30 mara volti 120, yaani wati 3,600. Kiyoyozi, maikrowevu na hita ya maji ya umeme vikiwaka kwa pamoja, breka itakatika, na haki yake ikatike. Trela la ampea 50 hupokea njia mbili za volti 120, kila njia ampea 50, jumla wati 12,000. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya lile la ampea 30, ingawa namba zake mbili zinamfanya mtu adhani tofauti ni ndogo.

Nguvu ya kifaa na kiasi inachokula

Wati hupima kasi ambayo kifaa kinakula umeme. Wati-saa hupima jumla iliyoliwa. Kuchanganya vipimo hivi ndiko kunakozaa maamuzi mabaya. Chukua birika la umeme la wati 1,500. Linatisha, lakini likiwaka dakika 5 limekula wati-saa 125 tu. Feni ya hita ya gesi hutumia takriban wati 100, inaonekana ya upole, lakini usiku wa baridi wa saa 10 ikiwaka nusu ya muda imekula wati-saa 500, mara nne ya birika. Birika linahitaji inveta yenye misuli. Feni inahitaji betri yenye kina. Ni mahitaji mawili tofauti, na kununua kimoja hakukupi kingine.

Basi kaa chini na daftari. Andika kila kifaa, wati zake, na saa ambazo kinawaka kweli kwa siku. Zidisha, jumlisha. Taa 5 za zamani zenye wati 18 kila moja zikiwaka saa 4 zinakula wati-saa 360. Zikibadilishwa kuwa LED za wati 3, zinakula 60. Friji ya kompresa ya volti 12 huhitaji kati ya wati-saa 400 na 800 kwa siku kutegemea ukubwa wake na joto la nje. Kompyuta ya mkononi na simu mbili hazifiki mbali. Kisha kuna wanyonyaji wasioonekana: kengele za gesi, kumbukumbu ya redio, bodi za vifaa vinavyosubiri. Vikinyonya nusu ampea tu kwa pamoja, ni ampea-saa 12 kila siku, hata trela likiwa limefungwa uani. Betri nyingi za trela hufa kwa kusahaulika namna hii wala si kwa kutumiwa.

Sasa weka kiyoyozi kwenye hesabu hiyo. Kiyoyozi cha paa cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) huvuta takriban wati 1,300 hadi 1,600 kompresa ikiwa inazunguka. Usiku mmoja wa saa 8 wenye joto kali unaweza kumeza wati-saa 8,000 na zaidi. Mahitaji mengine yote ya watu wawili, friji ikiwemo, yanaweza kutoshea kwenye wati-saa 1,500 kwa siku nzima. Huo ndio mpaka kati ya mafungu yale mawili niliyoyataja, na ni mpaka mkali.

Punguza hitaji kabla ya kuongeza betri

Kuongeza betri kwenye trela linalovujisha joto ni kumimina maji kwenye mtungi uliopasuka. Kuta za trela ni nyembamba, mara nyingi sentimita 4 hadi 5 tu, na penye fremu ya alumini joto hupita kana kwamba ukuta haupo. Madirisha mengi yana kioo kimoja. Kuta huwezi kuzibomoa, lakini kuna kazi kubwa inayofanyika kwa gharama ndogo.

Anza na mianya. Zungusha mkono mahali mabomba na nyaya zinapopenya sakafuni, chini ya sinki, nyuma ya hita ya maji, kuzunguka mlango. Hewa inayopenya hapo ndiyo inayoifanya hita iwake kila baada ya dakika chache. Ziba kwa povu au mpira, na usiguse matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi kwa ajili ya vifaa vya gesi. Hayo ni uhai.

Kisha madirisha na kifuniko cha feni ya paa. Wakati wa jua, kinga iliyo nje ya kioo hushinda pazia lililo ndani, kwa sababu joto likishapita kioo limeshaingia. Turubai la kando likifunika ukuta wenye madirisha mengi hupunguza kazi ya kiyoyozi kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa baridi, kipande cha povu gumu kilichokatwa kwa ukubwa wa tundu la feni ya paa huzuia joto jingi lisipotelee juu.

Feni ya paa yenyewe ninaiweka mbele ya vifaa vyote vya starehe. Ya volti 12 inayotoa hewa nje huvuta ampea 2 au 3 tu ikiwa kwenye kasi kubwa. Fungua dirisha moja upande wa kivuli, iwashe ivute, na hewa ya trela zima inabadilika upesi. Jioni ambayo joto la nje limeanza kushuka, feni hiyo inaweza kufanya kazi ambayo kiyoyozi kingeifanya kwa umeme mara arobaini zaidi.

Tena ndiyo dawa ya unyevu, na hapa naomba tukae kidogo, maana unyevu ndio unaooza matrela. Watu wawili wakilala usiku kucha hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho. Gesi ya propani nayo ikiungua hutengeneza maji: kila kilo moja inayoungua hutoa takriban kilo 1.6 za mvuke. Hita ya gesi iliyofungwa kiwandani hutoa moshi na mvuke huo nje kupitia bomba lake. Jiko la kupikia, na hita ndogo za gesi zisizo na bomba, huviacha vyote humo ndani. Mvuke ukikutana na kioo baridi au pembe ya ukuta nyuma ya kabati, hugeuka matone, kisha kuvu. Ndiyo maana mtu anaongeza joto kwa hita isiyo na bomba na kuta zinazidi kutoka jasho: ameongeza maji. Hita hizo pia zinaweza kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kengele yake lazima iwepo, iwe hai, na isiwe imepita tarehe iliyochapwa nyuma. Kengele ya propani hukaa chini karibu na sakafu, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa.

Godoro nalo linaingia hapa. Wengi hubadilisha godoro la kiwandani kwa lingine nene zaidi, na hakuna ubaya; pima tu kitanda kwanza, kwa kuwa vitanda vya matrela mara nyingi ni vifupi kuliko vya nyumbani. Lakini godoro nene juu ya ubao usio na matundu hukusanya maji chini yake. Weka chaga au wavu wa kupitisha hewa katikati. Ni jambo la mchana mmoja.

Friji, uamuzi unaobadilisha kila kitu

Matrela mengi yana friji isiyo na kompresa, ile inayoweza kuwaka kwa gesi. Teknolojia hiyo ilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaichukua. Joto huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko wa amonia hiyo ndio unaopoza. Haina kelele, na kwa gesi inahitaji umeme kidogo sana. Udhaifu wake ni mitatu: hutaka trela lisimame sawasawa, maana mzunguko wake unategemea mvutano wa dunia, huchelewa kupoza, na huhangaika joto la nje likipanda. Ikiendeshwa kwa umeme ni mlafi, kwani hupasha ili kupoza.

Friji ya kompresa ya volti 12 haijali mwinamo, hupoza upesi, na hutumia umeme wa wastani. Ukiwa na paneli na betri ya lithiamu, mimi ningeichagua bila kusita. Kwa anayekaa wiki nzima msituni chini ya miti mikubwa akiwa na mtungi wa gesi uliojaa, ile ya zamani bado ni rafiki. Uamuzi huu ufanywe kabla ya kuchagua ukubwa wa betri, kwa sababu friji ndiyo kifaa kinachokula kila saa ya kila siku.

Betri

Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Gaston Planté mwaka 1859, na tabia zake hazijabadilika sana. Ukitaka idumu, usiitumie chini ya nusu. Yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi (ampea-saa mara volti 12), lakini mkononi mwako ni 600. Tena ukiivuta kwa nguvu inatoa pungufu ya hapo. Mjerumani Wilhelm Peukert alieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1897, na kila anayewasha maikrowevu kwa betri ya risasi huligundua upya. Kuijaza pia ni kazi: sehemu ya mwisho huingia polepole kwa saa nyingi, na betri isiyojazwa kabisa mara kwa mara hujijengea ukoko wa salfeti na kufa.

Betri ya lithiamu inayofaa trela ni ya aina ya LiFePO4, yenye chuma na fosfeti. Ni zao la utafiti wa kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, uliochapishwa mwaka 1997; Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi yake katika betri za lithiamu. Aina hii huvumilia joto kuliko lithiamu za simu, hutoa karibu uwezo wake wote, na hudumu maelfu ya mizunguko ilhali ile ya risasi hudumu mamia. Yenye ampea-saa 100 ina uzito wa takriban kilo 11 hadi 14, chini ya nusu ya mwenzake.

Lakini huwezi kuiweka mahali pa ile ya zamani na kuondoka. Konveta nyingi za zamani huchaji kwa volti 13.6 hivi, na LiFePO4 hutaka takriban 14.2 hadi 14.6. Ukiacha konveta hiyo, betri itajaa kwa kuchelewa mno au haitajaa kabisa, nawe utailaumu bure. Badilisha konveta au sehemu yake ya chaji. Pili, LiFePO4 haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Ndani yake huwa na BMS, bodi ya ulinzi inayokata chaji hali ikiwa mbaya, na kwa maeneo ya baridi kuna zenye hita ya ndani. Tatu, kipimo cha volti hakikufai tena. Volti ya lithiamu hukaa karibu palepale kuanzia ikiwa imejaa hadi ikaribie kwisha, kisha huporomoka. Funga shanti kwenye waya hasi wa betri. Huhesabu kila ampea inayoingia na kutoka, na kukuonyesha asilimia ya kweli. Kwa maoni yangu hakuna kifaa kidogo kinachofundisha zaidi ya hiki. Ukiwasha taa, unaona. Ukizima pampu, unaona. Baada ya siku chache unalijua trela lako.

Kuna waya mmoja ambao haupaswi kupitia swichi yoyote ya kuzima betri: ule wa breki za dharura, zinazokamata endapo trela litachomoka kwenye gari. Unapopanga upya nyaya za betri, waya huo ubaki umeunganishwa na betri moja kwa moja, wenye fyuzi yake au breka yake kama kiwanda kilivyoelekeza. Betri iliyojizima kwa kukatwa na BMS haitaweza kuzisimamisha breki hizo, kwa hiyo usianze safari ikiwa tupu.

Nyaya, mahali ambapo moto huanzia

Watu husoma sana kuhusu betri na kidogo sana kuhusu nyaya, ilhali nyaya ndizo zinazochoma matrela. Volti ikiwa ndogo, ampea huwa kubwa kwa kazi ileile. Inveta ya wati 2,000 kwenye volti 12 inavuta ampea 167 kwa hesabu tupu. Ukiongeza kinachopotea ndani yake, ni karibu 185. Na joto linalozalishwa kwenye waya hukua kwa mraba wa ampea: ukiongeza ampea mara mbili, joto ni mara nne.

Tuone kwa namba. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukibeba ampea 20. Utapoteza takriban volti 1.5. Kwenye umeme wa volti 230 hiyo haitambuliki. Kwenye volti 12 ni zaidi ya asilimia 12: feni inazunguka kivivu, friji inakataa kuwaka, na aliyeuziwa betri mpya anadhani kapunjwa. Tumia waya wa milimita za mraba 16, na upotevu unashuka hadi volti 0.23. Kanuni nzuri ni kutopoteza zaidi ya asilimia 3 kwa vifaa vinavyojali volti. Kati ya betri na inveta kubwa, nyaya ziwe fupi kadiri inavyowezekana na nene. Kwa wati 2,000, milimita za mraba 70 si anasa.

Fyuzi inalinda waya. Kifaa kina ulinzi wake. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi huchaguliwa kwa uwezo wa waya, na mahali pake ni karibu kabisa na betri, kwenye upande chanya, ili urefu wote wa waya uwe nyuma ya ulinzi. Betri ya lithiamu ikikutanishwa chanya na hasi inaweza kumwaga maelfu ya ampea kwa kufumba na kufumbua, na fyuzi ya kawaida ya gari inaweza kuyeyuka huku cheche ikiendelea kuruka ndani yake. Ndiyo sababu mafundi huweka fyuzi ya daraja la T kwenye waya mkuu. Vichwa vya nyaya vibanwe kwa kifaa cha kubania chenye nguvu inayostahili, si kwa koleo. Kiungo kilicholegea kina ukinzani, ukinzani hutoa joto, joto hulegeza kiungo zaidi.

Kuijaza upya

Paneli za sola zenye jumla ya wati 400, zikilala bapa juu ya paa, siku ya jua linalolingana na saa 4 za mwangaza kamili, huleta takriban wati-saa 1,200 baada ya kutoa upotevu. Zinatosha sehemu kubwa ya fungu lile la pili. Kivuli cha tawi moja au cha kifuniko cha kiyoyozi kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya uwezo wa paneli, kwa hiyo kupanga mahali pa kuziweka kuna thamani kuliko kuongeza paneli ya tano. Kati ya paneli na betri hukaa kontrola, kifaa kinachosimamia chaji, nayo ni ya aina mbili. Ya PWM huilazimisha paneli ifanye kazi kwa volti ya betri. Paneli ya wati 100 huishia kutoa kama 70. Ya MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea na kuokoa sehemu kubwa ya kilichopotea. Kila tundu unalotoboa juu ya paa lizibwe kwa gundi inayokubaliana na paa hilo, kwani gundi yenye mafuta ya petroli huharibu paa za mpira.

Gari linalokokota nalo linaweza kuchaji, lakini waya wa chaji kwenye plagi ya trela huwa mwembamba na mrefu, na alteneta za magari mapya hushusha volti zake zenyewe kuokoa mafuta. Kati ya gari na betri ya lithiamu weka chaja ya DC kwenda DC, yenye waya wake mnene. Inapandisha volti hadi kiwango kinachofaa na kuiwekea mipaka alteneta isizidiwe.

Kiyoyozi kwa betri, na mitego ya inveta

Je, kiyoyozi kinaweza kuwaka kwa betri? Ndiyo, kwa saa chache. Shida ya kwanza ni mshtuko wa kuwaka: kompresa ikianza huvuta, kwa sehemu ndogo ya sekunde, ampea mara kadhaa ya zile za kawaida. Kifaa cha kuanzisha taratibu, kinachofungwa ndani ya kiyoyozi, hupunguza mshtuko huo kwa zaidi ya nusu, na mara nyingi ndicho kinachoiwezesha inveta ya wati 3,000 au jenereta ndogo kukiwasha. Shida ya pili haina kifaa: ni zile wati-saa 8,000 za usiku. Betri mbili za ampea-saa 200 za lithiamu zina takriban 5,100. Ukikihitaji usiku kucha, tafuta soketi ya kambi au jenereta, kisha usikie raha. Kukipoza chumba saa moja kabla ya kulala, halafu kuiachia feni, ni mpango ambao betri inaumudu.

Inveta iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa AC laini kama ya majumbani. Zile za wimbi la ngazi hupasha mota joto na kusumbua chaja nyingi. Ukiiunganisha ilishe bodi nzima ya umeme ya trela, kumbuka kuizima konveta: vinginevyo inveta inachota betri kuilisha konveta, konveta inaichaji betri ileile, na kila mzunguko unapoteza. Friji na hita ya maji zilizoachwa kwenye umeme nazo zitairamba betri kimyakimya.

Jambo la nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa usalama uendao ardhini) ndilo ninalosihi lisichezewe. Trela likiwa limechomekwa kambini, nyutro na ethi zimeshaunganishwa kule umeme unakotoka, na hazipaswi kuunganishwa tena ndani ya trela. Likiendeshwa na inveta, muunganiko huo unatakiwa ufanyike kwenye inveta. Inveta nzuri yenye swichi ya kubadilisha chanzo hulifanya jambo hili yenyewe. Ya bei nafuu huenda haifanyi. Likikosewa, bodi ya chuma ya trela inaweza kubeba umeme, na aliyesimama peku kwenye majani mabichi akigusa mlango anakuwa njia ya umeme huo kwenda ardhini. Sehemu hii ya kazi mpe fundi umeme aliyehitimu. Kwa upande wa soketi za kambi, kifaa cha kinga kinachopima volti na mpangilio wa nyaya kabla ya kuruhusu umeme kuingia hugundua laivu na nyutro zilizogeuzwa, ethi iliyokatika, na volti iliyoshuka kiasi cha kuunguza kompresa.

Mwisho wa kazi, pima uzito. Betri, inveta, paneli na godoro jipya vimeongeza kilo, na kikomo cha uzito kilichochapwa kwenye bati la trela hakijaongezeka. Kwa matrela ya Amerika Kaskazini, sehemu ya mbele inayolalia kiungo cha gari hushauriwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Betri zikihamishiwa nyuma ya ekseli, sehemu hiyo inapungua na trela linaweza kuanza kuyumba barabarani. Mpangilio ukikamilika, washa vifaa vyote vizito kwa pamoja kwa nusu saa, kisha pima joto la kila kiungo kwa kipimajoto cha kulenga. Kinachozidi wenzake kwa joto kimelegea. Rudia ukaguzi huo baada ya safari ya kwanza, kwa sababu mtikisiko wa barabara hulegeza hata nati zilizokazwa vizuri.